Maneno Niliyomwongezea Marehemu

Nilikabidhi koti la mhusika mkuu mwezi uliopita, likiwa na viraka vitatu na jasho la takriban miaka thelathini. Ninyi mliobaki kikundini mmeniomba niwaandikie namna kazi hii inavyofanywa. Mnaijua tayari. Unafika shuleni kabla ya chai ya saa nne, unaunganisha meza za bwalo ziwe jukwaa, unawaigizia watoto wa kidato cha nne tamthilia watakayotahiniwa, kisha unaondoka kabla wapishi hawajakasirika. Kwa hiyo nitawaandikia jinsi kazi hiyo ilivyoharibika mikononi mwangu, na jinsi mtu aliyeshangiliwa kutoka Mweiga hadi Kagio nusura awaangushe mtihani watoto waliokuwa wakimshangilia.

Nilianza nikiwa na miaka ishirini na minne. Mwalimu Wachira, aliyekianzisha kikundi baada ya kustaafu ualimu, alinipokea katika chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi mjini Nyeri. Hakuniuliza cheti. Aliniambia, "Tembea mpaka dirishani."

Nikatembea.

"Unatembea kama mtu anafukuza ng'ombe ya jirani. Rudi mlangoni."

Nilirudi mlangoni mara tisa asubuhi ile. Ujanani mwake Mwalimu alikuwa mteja wa kudumu wa sinema mjini, enzi za filamu za Hollywood za rangi nyeusi na nyeupe, na wanaume wa filamu zile alikuwa amewasoma kama wengine wanavyosoma Zaburi. Alijua namna walivyoshika kofia, namna walivyoegemea mlango, namna walivyomwacha mwanamke amalize kusema kabla hawajageuza shingo. "Ati watu walidhani ni wazuri sana," alisema. "Hapana. Walikuwa wanajua kungoja. Ingia, simama, wacha wakuone. Halafu wewe ndiyo uwaone." Hilo ndilo somo langu la kwanza. Vijana wengi huingia jukwaani wakiwa tayari wameanza kusema, kama mtu anayeingia dukani akidai chenji.

Onyesho langu la kwanza lilikuwa Mweiga, mwezi wa Julai. Asiyeijua Mweiga ya Julai aelewe hivi: ukungu hushuka kutoka milima ya Aberdare, ukaingia darasani na kukaa dawati la mbele. Nilikuwa nimeuawa vizuri. Nilikuwa nimelala chali juu ya meza mbili, damu imenitapakaa kifuani, wasichana wamenyamaza. Kisha nikasikia mmoja akicheka, halafu wawili, halafu bwalo zima. Pumzi yangu ilikuwa ikipanda juu kwa mawingu meupe.

Mwalimu Wachira alinijia nyuma ya pazia, ambalo lilikuwa blanketi mbili za bweni.

"Ndiritu, umeona wapi maiti inatoa moshi kama sufuria ya chai?"

"Mwalimu, ni baridi."

"Ni baridi kwa walio hai. Wewe ulikuwa umekufa."

Siku hiyo akanifundisha kunywa funda la maji baridi dakika moja kabla ya kifo na kupumulia puani, taratibu, uso ukielekezwa upande wa ukuta. Andikeni hilo mahali. Andikeni pia kwamba damu bora ni ya matunda damu yaliyopondwa, si rangi, kwa kuwa rangi haitoki kwenye shati. Matunda damu yana ubaya mmoja tu, nao ni nyuki. Niliwahi kufa shuleni Karatina huku nyuki akitembea juu ya mdomo wangu wa chini. Sijawahi kuigiza vizuri kama siku ile.

Vitabu vya mtihani hubadilika kila baada ya miaka michache, lakini mhusika mkuu habadiliki. Ni kijana, ni maskini, ni mkweli, ana mchumba. Mchumba wangu alikuwa Wangeci. Alijiunga na kikundi mwaka mmoja baada yangu, binti wa Othaya mwenye sauti iliyofika jikoni bila kupazwa, na kwa miaka saba nilimchumbia katika kila shule yenye bwalo. Tulichumbiana kwa masharti. Katika shule nyingi naibu wa mwalimu mkuu alikuja kabla ya onyesho kutukumbusha kwamba wapenzi wasikaribiane zaidi ya urefu wa dawati moja. Tukafanya mapenzi yote kwa salamu za mkono. Nawaambieni, ukijua kungoja, wasichana mia nne hupiga kelele kwa salamu ya mkono mpaka mabati yanatikisika.

Nilikuwa maarufu kwa namna ya kwetu. Barua zilikuja zikiwa na jina la mhusika, si langu. Mama mmoja wa maparachichi katika soko la Karatina alinitazama kwa muda mrefu, kisha akamwita jirani yake: "Kuja uone! Si huyu ndiye alikufa juzi huko shule ya Wambui wako?" Jirani akaniuliza kama nimepona. Nikasema naendelea vizuri.

Halafu Wangeci akafika miaka ya thelathini, na tamthilia mpya ilipokuja Mwalimu Wachira akamwambia asome sehemu ya mama. Mama yangu. Mimi, niliyemzidi miaka mitatu, nikabaki kijana wa ishirini na nne, nikapewa mchumba mwingine, na baada ya huyo mwingine, na mwingine. Ndivyo ilivyokuwa katika zile filamu pia, Mwalimu alieleza. Wanaume walizeeka polepole zaidi kuliko wanawake wao. Alisema kana kwamba ni jambo la hali ya hewa.

Wangeci aliupokea uzazi wake kwa ulimi. "Nimezaa mtoto ameanza kunyoa kabla yangu kuota meno," aliwaambia walimu wakati wa chai. Kila alipokuwa akinipaka rangi nyeusi kwenye nywele za masikioni aliniuliza, "Mtoto wangu, leo tuko na miaka ngapi?"

"Ishirini na nne, Mama."

"Mungu ni mwema."

Mwalimu Wachira alipoacha kazi kwa ajili ya magoti yake na kurudi kulima, aliniachia kikundi. Hapo ndipo tatizo lilipoanza, kwa sababu hakuna aliyebaki wa kuniambia rudi mlangoni.

Tamthilia iliyokuwa ikitahiniwa miaka hii ya mwisho mnaijua nyote, ile ya mto. Kijana Kheri anamkataza tajiri asiuzuie mto wa kijiji, watu wa tajiri wanampiga, anakufa mapajani mwa mamaye wanakijiji wakitazama. Niliigiza kifo hicho kama kilivyoandikwa kwa muhula mmoja. Kisha tukaenda Sagana. Shule ile ya wavulana iko karibu na barabara kuu, na nilipokuwa nikifa malori mawili yalianza kugombana kwa honi nje. Vichwa vyote vikageukia dirishani. Nikajiona nimelala pale, mtu mzima wa miaka hamsini, nikifa bure. Nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Nikainua mkono, nikamshika Wangeci shavu, nikasema:

"Mama, usinililie mimi. Lilia mto. Mimi ni tone tu. Mto ukikauka, nani ataiosha maiti yangu?"

Vichwa vikarudi. Mvulana mmoja mnene wa kidato cha tatu, aliyejipenyeza mstari wa mbele, alikuwa akilia waziwazi. Makofi yalipoanza tukashusha blanketi, na makofi yakaendelea upande wa pili wa blanketi, na mimi nikabaki nimelala nikiyasikiliza kama mtu anayenyeshewa baada ya kiangazi.

"Leo umekufa na maneno mengi," Wangeci alisema, akijifuta matunda damu mikononi.

"Uliwaona lakini?"

"Niliwaona."

Akaenda kutafuta maji ya kunawa. Tangu siku hiyo Kheri hakufa tena bila hotuba. Niliipamba. Nikaipa pumziko katikati, nikaipa kikohozi. Wasichana waliandika maneno yangu kwenye madawati na kwenye majalada ya vitabu. Niliambiwa kwamba padri mmoja aliyatumia kwenye mazishi. Nywele zangu zilikuwa zimekwisha kuwa nyeupe chini ya ile rangi, magoti yangu yalilia kila nilipoanguka, lakini kwa sentensi zile nne nilikuwa na miaka ishirini na minne kwelikweli.

Mwaka jana, wiki tatu kabla ya mtihani wa kitaifa, Madam Muthoni alinipigia simu. Ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ile ya Mweiga, mwanamke mfupi, mpole. Aliniambia nije, na nije na mama yangu, yaani Wangeci. Tulimkuta katika chumba cha walimu, amevaa koti zito, mbele yake rundo la karatasi za mtihani wa majaribio.

"Soma hii," alisema.

Swali liliuliza kifo cha Kheri kinadhihirisha nini, na mtahiniwa atoe ushahidi kutoka tamthilia. Kwa mwandiko safi sana mtoto alikuwa ameandika: Kheri anamwambia mamaye, "Usinililie mimi. Lilia mto." Kando yake kulikuwa na mkasi wa wino mwekundu, alama ya kosa. Nikafunua ya pili. Lilia mto. Ya tatu. Mimi ni tone tu. Mmoja alikuwa ameweka hata kikohozi, kwenye mabano.

"Mwanzoni nilidhani wameibiana," Madam Muthoni alisema. "Darasa nzima haiwezi kukosea kitu moja. Nikawaambia, haya maneno haiko kwa kitabu. Unajua walinijibu nini? 'Lakini Madam, tulimwona akisema.'"

Nilicheka kidogo. Nilikuwa peke yangu.

"Ndiritu, mimi nimewafundisha miaka miwili. Wewe ulikuja kwa muda wa saa moja na nusu tu. Na wanakuamini wewe." Alichomoa karatasi moja kutoka chini ya rundo. "Huyu ndiye wa kwanza shuleni. Anataka udaktari, na anahitaji kila alama. Hapa amejenga jibu lote juu ya hotuba yako. Lote. Msahihishaji wa taifa hatakuwa amekuona wewe ukikohoa. Atakuwa na kitabu."

Kisha akafungua kitabu ukurasa wa mwisho na kukisukuma kwangu. Nilikuwa sijaufungua ukurasa ule kwa zaidi ya mwaka. Maelezo ya mwandishi yalikuwa mstari mmoja: *Kheri anamtazama mamaye. Ananyamaza. Anakufa.* Chini yake kulikuwa na maneno ya mama, na baada ya hayo, mwisho wa tamthilia.

"Na haya ya mama," alisema, "sijawahi kuyasikia kwenye onyesho lenu."

Nilimtazama Wangeci. Alikuwa akitazama dirishani, mahali ambapo hapakuwa na kitu isipokuwa ukungu. Kwa zaidi ya mwaka mmoja nilikuwa nikimaliza hotuba, makofi yakaja, blanketi zikashuka, naye akabaki nyuma ya blanketi na maneno yake mdomoni. Tamthilia nzima alikuwa na kurasa nyingi za kulia na mstari mmoja wa kusema, na huo mstari ndio nilioukalia.

"Ungeniambia," nilimwambia tukitoka.

"Ningekuambia saa ngapi? Ulikuwa unakufa."

Mwaka ule tulikuwa tumeigiza katika shule kumi na moja. Zilikuwa zimebaki wiki tatu, na kila mmoja kati ya watoto wale angeingia mtihani akiwa na maneno yangu kichwani kama noti bandia mfukoni. Tukaamua kuzirudia zote tukawasahihishe; tulianza Mweiga palepale, kisha Nyeri mjini, Karatina, na kuendelea kushuka. Bila koti, bila damu, bila rangi kichwani. Nilikuwa sijasimama mbele ya wanafunzi na nywele zangu halisi tangu sijui lini. Katika shule ya kwanza walidhani mimi ni mkaguzi.

Nilijifunza kusema kwa ufupi, maana baadhi ya wakuu walinipa dakika tano tu kwenye gwaride la asubuhi, kati ya sala na matangazo ya viatu. Nilisema: "Mimi ndiye Kheri mliyemwona. Maneno niliyosema nikifa niliyatunga mwenyewe. Hayamo kitabuni. Msiyaandike." Ni hotuba ngumu kuliko zote nilizowahi kutoa, na haina mahali pa kukohoa.

Sagana, yule mvulana mnene, sasa yuko kidato cha nne, aliinua mkono.

"Mwalimu, lakini yako ni tamu kuliko ya mwandishi."

Wenzake wakashangilia. Sitawaficha kwamba moyo wangu ulivimba. Nikaanza kutafuta jibu la unyenyekevu lakini lisilo la unyenyekevu sana, na Wangeci akanikanyaga mguu.

"Ni tamu," nikasema. "Na ni sifuri."

Shule ya mwisho ilikuwa ya wasichana, Kagio, siku mbili kabla ya karatasi ya fasihi. Mkuu wa shule aliweza kutupa muda wa chakula cha mchana tu. Kagio si Mweiga; jua la saa saba lilikuwa juu ya mabati, bwalo linanuka githeri na nyanya, wapishi wawili wamesimama na miiko mbele ya sufuria kubwa wakitungoja kwa chuki ya haki. Nikasema maneno yangu. Msichana mmoja mrefu, kiranja wa masomo, akasimama.

"Mnatupima," alisema.

"Hapana, hatuwapimi."

"Madam wetu alituambia kutakuwa na watu wa kutuchanganya siku za mwisho. Ati tusisikize mtu. Sisi tulikuona. Ulisema lilia mto. Mimi hata nililia." Akageukia wenzake. "Si alisema?"

"Alisema!" bwalo zima likaitikia.

Nikarudia. Nikaonyesha kitabu. Mmoja akasema hilo ni toleo la zamani. Mwingine akasema hata sifanani na Kheri, Kheri alikuwa kijana. Wakacheka, na katika kicheko hicho niliona zile siku mbili zikiisha, nikaiona mikasi myekundu kwenye karatasi mia mbili. Nilimgeukia Wangeci kwa sababu sikuwa na la kufanya tena.

"Lala," akasema.

"Wapi?"

"Hapo. Kufa. Na safari hii ufunge mdomo."

Hakukuwa na jukwaa. Nililala sakafuni, kwenye saruji yenye punje za maharagwe, karibu na sufuria kiasi cha kuhisi joto lake sikioni. Magoti yakalia, na wasichana wakacheka tena. Wangeci akapiga magoti, akakiinua kichwa changu cha mvi akakiweka mapajani mwake. Alikuwa amevaa sweta ya kawaida na viatu vya kusafiria. Hakungoja watulie. Alinitazama tu, nami nikamtazama.

Kwa mazoea maneno yangu yalinijia. Yalifika mpaka kwenye meno. Mkono wangu ulikuwa umekwisha kuinuka kuelekea shavuni mwake, nikaurudisha chini. Sikuwa nimewahi kumtazama hivyo, bila kuwa na kitu cha kusema baada yake. Niliona kwamba macho yake yalikuwa yameanza kujaa, na kwamba hakuwa akiigiza kwa ajili yangu. Alikuwa akingoja zamu yake. Ndipo kicheko kikakatika upande wa mbele, kikakatika katikati, kikakatika kule nyuma mlangoni. Mpishi mmoja aliweka mwiko chini polepole usilie.

Nikafumba macho. Nikapumulia puani.

Wangeci akainua uso akawatazama, meza kwa meza, kama mtu anayewatafuta wanakijiji mmoja mmoja. Akangoja. Alijua kungoja kuliko mimi, kuliko Mwalimu, kuliko wale wanaume wote wa Hollywood. Kisha akasema, bila kupaza sauti:

"Mbona mmenyamaza nyote? Aliyekufa ni mmoja."

Hakuna aliyepiga makofi. Nililala nikiyangojea, maana mwili una desturi zake, nayo hayakuja. Badala yake nikasikia mkoba ukifunguliwa. Halafu mwingine. Halafu mlio mdogo, mkavu, wa kalamu moja kwenye karatasi, kisha nyingi, zikienea bwalo zima kama mvua ya kwanza juu ya majani ya migomba. Walikuwa wakiandika maneno yake.

Nilianza kuinuka. Wangeci akanibonyeza kifua kwa kiganja.

"Usiamke," alininong'oneza bila kutikisa mdomo. "Bado wanaandika."